Leonhard Euler: mtu aliyepofuka akiwa ametufundisha kusogeza grafu

GOMA – Katika kata ya Katindo, fungua kaye ya hesabu ya mwanafunzi yeyote wa seksio ya sayansi na utakuta alama ndogo iliyoandikwa mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe: herufi f, kisha mabano, na ndani ya mabano herufi x. Alama hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Aliyeianzisha ni mtoto wa mchungaji kutoka Uswisi, Leonhard Euler, aliyefariki tarehe 18 Septemba 1783 katika mji wa Petersburg, Urusi, akiwa na miaka 76, na akiwa kipofu kwa miaka mingi.

Wafinalisti wanaojitayarisha kwa mtihani wa taifa, Exetat, wanaijua pia shida inayotembea pamoja na alama hiyo. Mwalimu anachora parabola ubaoni, halafu anaongeza 3 nje ya mabano, na grafu inapanda juu hatua 3. Hapo kila mtu anakubali. Kisha anaandika x − 3 ndani ya mabano. Darasa zima linangojea grafu iende kushoto, kwa sababu wamezoea kwamba kutoa ni kurudi nyuma. Lakini grafu inakwenda kuume. Wengi wanaandika kanuni hiyo kwenye kaye bila kuielewa, wanaikariri kama namba ya simu, na siku ya mtihani inageuka kichwani.

Maisha ya Euler yanasaidia kuondoa shida hiyo, kwa sababu mtu huyu alipoteza jicho moja, kisha la pili, na bado aliendelea kufanya kazi ya grafu na fonksio kuliko wenzake waliokuwa wakiona. Kumbe grafu haihitaji macho kwanza. Inahitaji mtu ajue swali gani la kuuliza.

Mtoto wa mchungaji

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, na familia ilihamia kijiji cha Riehen karibu na mji. Haikuwa familia ya utajiri. Lakini baba alikuwa amesoma hesabu kidogo alipokuwa mwanafunzi, kwa mwalimu mkubwa Jakob Bernoulli, na ndiye aliyempa mtoto wake masomo ya kwanza.

Akiwa na miaka 13 tu, kijana aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Baba alitaka awe mchungaji kama yeye. Huko Basel alikuwepo Johann Bernoulli, ndugu yake Jakob, aliyehesabiwa kati ya wanahesabu wakubwa wa Ulaya wakati ule. Profesa huyo hakuwa na nafasi ya kumfundisha kijana kila siku. Alimpa vitabu vigumu asome mwenyewe, na kila Jumamosi mchana kijana alikuja nyumbani kwake na maswali yaliyomshinda. Euler alijitahidi kufika na maswali machache iwezekanavyo, ili asimchoshe mzee. Desturi hiyo ya kutafuta jibu peke yake kabla ya kuuliza ilibaki naye maisha yote.

Mwishowe Bernoulli alimshawishi baba kwamba mtoto huyu ameumbwa kwa hesabu, na baba akakubali. Ni jambo ambalo wazazi wengi wa Goma wanalijua: mzazi ana ndoto yake, mtoto ana kipaji chake, na inahitajika mtu mzima wa tatu anayeheshimiwa na wote wawili ili mambo yanyooke.

Petersburg na jicho la kwanza

Mwaka 1727, akiwa na miaka 19, Euler aliomba kazi ya kufundisha fizikia kwenye chuo cha mji wake. Hakuipata. Ndipo alipofuata mwaliko wa kwenda mbali sana, kwenye Akademia mpya ya Sayansi ya Petersburg, ambako rafiki yake Daniel Bernoulli, mtoto wa Johann, alikuwa amekwisha kufika. Aliondoka Basel mwezi wa nne na kuingia Urusi mwezi wa tano. Siku ileile aliyofika, Malkia Catherine wa Kwanza, aliyekuwa mlinzi wa Akademia hiyo, alifariki. Kijana alijikuta katika nchi ya baridi, lugha asiyoijua, na kazi ambayo haikuwa na uhakika.

Alivumilia. Alijifunza Kirusi. Mwaka 1733 Daniel alirudi Uswisi na Euler akachukua nafasi yake kama profesa wa hesabu. Mwezi wa kwanza wa 1734 alioa Katharina Gsell, binti wa mchoraji. Walizaa watoto 13, na ni 5 tu waliopita utoto. Waliomjua walisema kwamba alikuwa akiandika hesabu zake huku mtoto amepakatwa na wengine wakicheza miguuni pake.

Mwaka 1735 homa kali ilikaribia kumuua. Mwaka 1738 jicho lake la kuume lilikuwa limekufa. Mwenyewe alilaumu kazi ndefu ya kuchora ramani za Urusi aliyoifanya kwa Akademia. Picha zake nyingi zinaonyesha jicho hilo limefumba. Alikuwa na miaka 31.

Alama ya f yazaliwa

Kati ya homa hiyo na kupofuka kwa jicho, kazi haikusimama. Katika maandishi ya Akademia ya miaka ya 1734 na 1735 ndipo alama yetu ilipojitokeza. Euler alihitaji njia fupi ya kuandika kiasi kinachotegemea kiasi kingine, bila kusema ni kwa njia gani. Akachukua herufi f, akafungua mabano.

Hapa kuna jambo ambalo mwalimu wa Katindo anaweza kuwaambia wanafunzi wake. Mara hiyo ya kwanza, ndani ya mabano hamkuwa na x peke yake. Mlikuwa na x iliyogawanywa kwa a, kisha kuongezwa c. Kwa maneno mengine, siku alama ya fonksio ilipozaliwa, ilizaliwa ikiwa imebeba mambo mawili yanayosumbua darasa leo: kutanua grafu kwa mlalo na kuisogeza kwa mlalo. Mambo hayo hayakuongezwa baadaye na waalimu ili kuwatesa watoto. Yalikuwemo tangu mwanzo.

Tuyaangalie kwa kitu tunachokijua. Chukudu inatoka Kibumba alfajiri ikiteremka kuelekea Goma na mzigo wa mboga. Tuhesabu masaa tangu alfajiri, na tuite f(t) kilometa ambazo imekwisha kutembea kutoka Kibumba. Tuseme saa ya kwanza inatembea kilometa 10, saa ya pili mwenye chukudu anapumzika na kurekebisha gurudumu, saa ya tatu anatembea kilometa 10 tena. Basi f(0) ni 0, f(1) ni 10, f(2) ni 10 bado, na f(3) ni 20. Ukichora, utapata mlima, kisha sehemu tambarare, kisha mlima.

Sasa mwenzake anafanya safari ileile, lakini hakuanzia Kibumba. Alilala kilometa 5 mbele, akaondoka alfajiri ileile, akapumzika saa ileile. Kila wakati yuko kilometa 5 mbele ya wa kwanza: 5, 15, 15, 25. Grafu yake ni f(t) + 5. Umbo ni lilelile, limepanda juu hatua 5. Namba iliyo nje ya mabano imeongezwa juu ya jibu lililokwisha patikana, ndiyo maana inafanya kile macho yanachotegemea: kuongeza kunapandisha, kutoa kunashusha.

Wa tatu alianzia Kibumba sawasawa, lakini alichelewa masaa mawili. Alifanya kila kitu kama wa kwanza, hata mapumziko, ila kila jambo limechelewa. Alfajiri ilipopita kwa masaa matatu, yeye alikuwa pale ambapo wa kwanza alikuwa baada ya saa moja. Kwa hiyo ili kujua yuko wapi saa ya 3, unamwangalia wa kwanza saa ya 1. Ili kujua yuko wapi saa ya 5, unamwangalia wa kwanza saa ya 3. Kila mara unatoa 2. Grafu yake ni f(t − 2). Na kwenye karatasi, mlima wake hauanzii 0, unaanzia 2. Umesogea kuume.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Alama ya kutoa haikurudisha grafu nyuma. Ilikurudisha wewe nyuma, kwenye saa ya mtu wa kwanza, ili usome jibu. Aliyechelewa anachorwa kuume kwa sababu mambo yake yanatokea baadaye. Mama anayengojea mboga sokoni hahitaji kanuni kulifahamu hilo: aliyechelewa kuondoka atachelewa kufika.

Na kutanua? Tuseme mtu wa nne anapita na pikipiki na kufanya safari ileile kwa nusu ya wakati, hata mapumziko yake ni nusu saa. Baada ya nusu saa yuko pale chukudu ilipokuwa baada ya saa moja. Baada ya saa moja na nusu amekwisha fika kilometa 20. Grafu yake ni f(2t). Tumezidisha kwa 2 ndani ya mabano, na grafu imebanwa, imekuwa nusu ya upana wake. Lakini 2f(t), ambapo 2 iko nje, ni mtu mwingine kabisa: anapumzika saa nzima kama wa kwanza, ila kila saa amekwenda mara mbili ya njia, na baada ya masaa matatu yuko kilometa 40. Grafu hiyo imerefuka kwenda juu, na upana wake haukuguswa.

Kwa hiyo kilicho nje ya mabano kinagusa jibu, na grafu inatii kama ilivyoandikwa. Kilicho ndani kinagusa swali kabla ya jibu, na grafu inakwenda kinyume cha ulichoandika.

Berlin: kitabu, na mawimbi

Mwaka 1741 hali ya Urusi ilikuwa mbaya, na Euler alihamia Berlin kwa mwaliko wa mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia. Alikaa huko miaka 25. Mwaka 1748 kilitoka kitabu chake cha Kilatini, Introductio in analysin infinitorum, katika mabuku mawili. Kabla ya hapo wanahesabu walianza na umbo: duara, parabola, mstari. Euler aliweka fonksio mbele, na umbo likaja nyuma yake kama picha ya fonksio. Programu za hesabu za mashule yetu bado zinafuata mpango huo.

Katika buku la pili alieleza kwa urefu nini kinatokea ukisogeza mihimili yenyewe, ile ya mlalo na ya wima, huku ukiiacha grafu mahali pake. Ni jambo lilelile likitazamwa kutoka upande mwingine. Ukiwa umekaa ndani ya gari linaloondoka, unaona nyumba za Katindo zikirudi nyuma. Nyumba hazikusogea, wewe ndiye uliyesogea. Kusogeza mihimili kwenda kushoto na kusogeza grafu kwenda kuume kunatoa picha moja. Mwanafunzi anayelielewa hili hashangai tena kuona alama za ndani zimegeuka.

Katika kitabu hichohicho alizipanga fonksio kwa jinsi zinavyojibu ukibadilisha x kuwa −x. Zile zinazotoa jibu lilelile, kama x², grafu yake ni sawa upande wa kuume na wa kushoto wa mhimili wa wima, kama uso ndani ya kioo. Akaziita shufwa. Zile zinazotoa jibu lenye alama iliyogeuka, kama x³, akaziita witiri.

Mwaka huohuo wa 1748 aliingia katika mabishano makubwa na Mfaransa Jean d'Alembert kuhusu waya wa ala ya muziki unaotetemeka. D'Alembert alikuwa amepata kwamba mtetemo huo ni jumla ya maumbo mawili, moja likikimbia kuume na lingine kushoto. Umbo linalokimbia kuume linaandikwa f(x − ct), ambapo t ni wakati na c ni mwendo. Angalia vizuri: ni kusogeza kwa mlalo kulekule, ila safari hii kiasi kinachotolewa kinakua kila sekunde, na grafu inatembea bila kubadilika umbo. Bishano lilikuwa juu ya maumbo gani yanaruhusiwa. D'Alembert alitaka yale tu yanayoandikwa kwa fomula moja. Euler alikubali hata umbo ambalo mtu amelichora kwa mkono wake, kwa sababu waya unaweza kuvutwa kwa namna yoyote ile. Wanahesabu waliokuja baadaye walilipanua wazo la fonksio kwa kufuata njia hiyo.

Mtu anayekaa kando ya Ziwa Kivu ameona jambo hili mara nyingi bila kuliita jina. Wimbi linatoka mbali na kusogea kuelekea ufuko. Maji yenyewe hayasafiri pamoja nalo. Ni umbo linalohama. Na tetemeko linapotoka upande wa Nyiragongo, mashine mbili zilizowekwa mbali mbali zinaandika mtikisiko huo kwa nyakati tofauti. Ile ya mbali inachelewa, na mchoro wake unaanza kuume zaidi. Kwa kupima kuchelewa huko kwenye mashine kadhaa, wataalamu wanaweza kukadiria tetemeko limeanzia wapi.

Vita vyafika shambani

Maisha ya Berlin hayakuwa matamu. Mfalme Friedrich alipenda washairi na wanafalsafa wenye maneno mazuri, na Euler alikuwa mtu wa kawaida, mwenye dini, asiyejua kujipamba. Mfalme alimdhihaki kwa ajili ya jicho lake. Ingawa Euler ndiye aliyebeba kazi nyingi za Akademia ya Berlin, hakupewa kamwe cheo cha rais.

Mwaka 1760, katikati ya Vita vya Miaka Saba, majeshi ya Urusi na washirika wao yaliingia Berlin. Shamba la Euler lililokuwa Charlottenburg liliporwa: mifugo na nafaka vilichukuliwa. Mwenye shamba alikuwa mtu ambaye bado alikuwa akituma kazi zake kwenye Akademia ya Petersburg. Warusi walipojua ni la nani, walimlipa fidia, na Malkia Elizabeth aliongeza zawadi ya pesa.

Kwa msomaji wa Goma, habari hiyo haihitaji maelezo mengi. Vita vya mwanzo wa 2025 viliingia hadi ndani ya mji, na wengi waliopoteza mali hawajaona mtu wa kuwafidia. Euler alikuwa na bahati ya jina lake. Lakini kuna jambo moja ambalo hakulipata kwa jina: katika miaka ileile ya vita, kati ya 1760 na 1762, aliandika mfululizo wa barua za kumfundisha sayansi binti mmoja wa ukoo wa kifalme, kwa lugha rahisi, kuhusu mwanga, sauti, sayari na jinsi ya kufikiri. Barua hizo zilichapishwa baadaye kama kitabu na kusomwa Ulaya nzima. Jeshi lilipita, somo liliendelea.

Giza, na moto

Mwaka 1766 Euler alichoka na Berlin. Catherine wa Pili alimwita tena Urusi kwa heshima zote, naye akarudi Petersburg. Karibu mara moja jicho lililobaki likaanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1771 alifanyiwa upasuaji uliomrudishia kuona kwa siku chache, kisha ugonjwa ukaingia jichoni na giza likarudi, safari hii kwa kudumu.

Mwaka huohuo, mwezi wa tano, moto mkubwa uliunguza sehemu ya mji wa Petersburg. Nyumba ya Euler iliwaka naye akiwa ndani. Fundi mmoja kutoka kwao Basel, Peter Grimm, aliingia katika moshi, akambeba mzee mabegani na kumtoa. Maandishi yake mengi yaliokolewa pia. Nyumba ilipotea. Wakaaji wa Goma waliokimbia lava ya Januari 2002, wakaacha nyumba na kubeba kile mkono ulichoweza kubeba, wataelewa maana ya mtu kutoka hai na karatasi zake. Miaka miwili baadaye, 1773, mke wake Katharina alifariki.

Mtu mwingine angekaa chini. Euler alifanya kazi zaidi. Karibu nusu ya kazi zake zote, ambazo orodha yake inafikia 866, ilitoka katika miaka hiyo ya giza. Watoto wake na wasaidizi, kati yao Nicolas Fuss aliyeletwa kutoka Basel mwaka 1773, waliandika huku yeye akitamka. Hesabu ndefu alizifanya kichwani.

Kitabu kimoja cha wakati huo kinatuhusu zaidi ya vingine: kitabu chake cha algebra, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1770. Inasimuliwa kwamba alimtamkia kijana mmoja fundi cherehani aliyekuwa mtumishi wake, asiyejua hesabu zaidi ya zile za kawaida. Euler alieleza kila hatua polepole ili kijana aweze kuiandika, na kitabu kilipokwisha, kijana yule alikuwa anaweza kutatua maswali magumu ya algebra mwenyewe. Mwalimu hakuona ubao na mwanafunzi hakuwa na msingi, na somo lilipita.

Je, mtu asiyeona angejuaje grafu imeenda wapi? Kwa kuuliza swali moja: ni x gani inayonipa kile nilichokuwa nacho zamani? Chukua mtego unaowaangusha wafinalisti wengi: f(2x + 6), ambapo f ni x². Mwanafunzi anaona 6, anasogeza parabola hatua 6 kushoto, kisha anaibana kwa nusu kwenye ncha yake palepale. Amekosa. Parabola ya kwanza ilikuwa na ncha yake pale ndani ya mabano palipokuwa na 0. Sasa ndani ya mabano pana 2x + 6. Lini itakuwa 0? Pale x ni −3. Ncha iko −3, siyo −6. Ni kwa sababu 2x + 6 ni sawa na 2 mara (x + 3): imebanwa kwa nusu, na imesogea hatua 3 tu.

Chukua sasa umbo alilolitumia Euler mwenyewe, na tuweke a kuwa 2 na c kuwa 3: x/2 + 3. Lini ni 0? Pale x ni −6. Safari hii grafu imetanuliwa mara mbili na kusogea hatua 6 kushoto, ingawa namba iliyoandikwa ni 3. Hakuna cha kukariri hapo. Ni swali lilelile, na jibu linapatikana hata umeme ukikatika na kaye haionekani tena.

Siku ya mwisho

Tarehe 18 Septemba 1783 Euler alianza siku kama kawaida. Alimfundisha mjukuu wake hesabu. Alifanya hesabu kuhusu mwendo wa maputo ya kupanda angani, ambayo yalikuwa habari mpya ya mwaka ule kutoka Ufaransa. Alizungumza na wasaidizi wake juu ya njia ya sayari ya Uranus, iliyogunduliwa miaka miwili tu kabla. Jioni, akicheza na mjukuu, alipigwa na kiharusi, na usiku huo akafariki. Alizikwa Petersburg. Akademia iliendelea kuchapisha kazi alizoziacha kwa miaka mingi baada ya kifo chake, kwa sababu zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa mashine za kuchapisha.

Kwa mwanafunzi wa Katindo anayefungua kaye usiku huu kwa mwanga wa simu, urithi wa mtu huyu ni alama moja fupi na njia ya kuisoma. Namba ya nje, fuata macho yako. Namba ya ndani, usifuate macho. Uliza ni x gani inayokurudisha kwenye jibu la zamani. Kisha chora. Na ukisahau yote, mkumbuke mwenye chukudu aliyechelewa masaa mawili: grafu yake inaanza kuume, kwa sababu alfajiri, wakati mwenzake alikuwa njiani, yeye alikuwa bado Kibumba akifunga mzigo.